Matiti ya Paka Yakivimba: Yanayosemwa Kuhusu Kipimo cha Damu, na Ukweli Wake

Paka anayenyonyesha akivimba titi, likawa jekundu na la moto, maziwa yakatoka na usaha au damu, mara nyingi ni bakteria walioingia kupitia chuchu: E. koli, stafilokoki au streptokoki. Majibu ya damu yakishatoka, husomwa vibaya kwa namna kadhaa.

"Seli nyeupe za damu hazijapanda, kwa hiyo hakuna maambukizi."
Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Ugonjwa ukiwa mdogo, wa titi moja, damu inaweza kuonekana ya kawaida kabisa. Ukikolea, uboho (kiwanda cha damu ndani ya mifupa) humwaga kwa wingi nyutrofili, yaani seli nyeupe zinazopambana na bakteria, zikiwemo changa ambazo hazijakomaa. Lakini titi likizitumia upesi kuliko uboho unavyozitengeneza, hesabu hushuka, na changa huzidi zilizokomaa. Hapo namba ndogo ni habari mbaya kuliko namba kubwa. Paka wa namna hiyo huenda asiwe na homa hata kidogo: mwili hupoa chini ya nyuzi 37.5 (kawaida yake ni 38 hadi 39 na kidogo), na moyo hupiga polepole. Sukari ikiwa imeshuka pia, asirudishwe nyumbani.

"Seli nyeupe zimepanda, basi ni matiti tu."
Paka aliyeshikwa kwa nguvu akiogopa hupandisha seli nyeupe kwa hofu peke yake, hasa limfosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe), na sukari nayo hupanda. Nyutrofili changa hazitokani na hofu. Zikionekana, kuna kidonda au maambukizi yanayotafuna mwili.

"Maabara ya watu inatosha."
Kwa mtu mzima, seli nyeupe ni kama 4,000 hadi 11,000 kwa maikrolita. Paka mzima wa afya anaweza kufika 19,000. Ukitumia kipimo cha binadamu, paka asiye na tatizo ataonekana mgonjwa. Tena chembe sahani za paka, zinazosaidia damu kuganda, hushikana zikitolewa, mashine ikazihesabu kuwa chache. Mwombe mtaalamu atandaze tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Hapo ndipo nyutrofili changa na zile zilizoharibiwa na sumu huonekana. CRP, protini ya damu inayoashiria uvimbe na maambukizi na inayopimwa sana kwa watu na mbwa, haisaidii kwa paka. Protini inayopanda kwao ni amiloidi A ya siramu.

"Bilirubini (rangi ya manjano ya damu inayosafishwa na ini) iko juu, ini limeharibika."
Si lazima. Bakteria wakisambaa kwenye damu, bilirubini ya paka hupanda hata kama ini halina ugonjwa wake lenyewe. Urea, taka inayotolewa na figo, nayo inaweza kupanda kwa sababu tu paka hanywi maji.

"Mpe panadol wakati mnasubiri majibu."
Tafadhali, usithubutu. Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hii. Damu hugeuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua.

"Damu itaonyesha dawa ya kutumia."
Kipimo cha damu huonyesha mwili umeelemewa kiasi gani, hakimtaji mdudu. Anayemtaja ni maziwa ya titi lile lile, yakioteshwa maabara, na yakamuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza.