Ensefalopathi ya ini: jinsi inavyotambuliwa na kupangwa kwa madaraja

Ensefalopathi ya ini ni kuvurugika kwa kazi za ubongo kwa sababu ini limeshindwa kusafisha damu. Bakteria wa utumbo huzalisha amonia. Ini zima huigeuza kuwa urea, nayo hutoka kwa mkojo. Ini lenye sirosisi, yaani lililojaa makovu ya homa ya ini aina ya B au ya pombe ya miaka mingi, haliiwezi tena kazi hiyo, na sehemu ya damu itokayo utumboni hulikwepa kabisa. Amonia ikifika kwenye ubongo, seli zinazozihudumia neva huvimba, na mtu huanza kubadilika.

Mabadiliko hayo hupangwa kwa vigezo viitwavyo West Haven, daraja la 1 hadi la 4. Daraja la 1 ndilo gumu kulinasa. Mgonjwa anasinzia mchana na usiku anakesha. Muuza duka aliyekuwa akipiga hesabu ya chenji kichwani sasa anakosea kutoa 350 kwenye 1,000. Mpole anakuwa na hasira za ghafla, au anachekacheka bila sababu. Daktari anayemwona kwa mara ya kwanza anaweza asigundue chochote, kwa sababu hajui alivyokuwa. Anayeishi naye ndiye anayejua. Kwa hiyo mkewe, mumewe au mwanawe aingie naye kwa daktari na aulizwe.

Daraja la 2 linaonekana wazi. Mgonjwa amezubaa, hajui leo ni siku gani, anafanya mambo yasiyo ya kawaida yake. Mtaani watasema amelewa au amerogwa. Mwambie anyooshe mikono mbele, akunje viganja kuelekea juu na kutanua vidole, kama anayesimamisha daladala. Viganja vitaanguka ghafla, virudi, vianguke tena. Dalili hii husaidia sana, ingawa huweza kuonekana pia kwa mtu ambaye figo zake zimefeli.

Daraja la 3, analala muda mwingi lakini huamka akiitwa au akitikiswa, na hajui yuko wapi. La 4, amepoteza fahamu. Kwa madaraja haya mawili madaktari huongeza kipimo cha Glasgow, kinachoangalia macho, maneno na miondoko.

Chini ya daraja la 1 kuna hali iliyojificha, inayoonekana kwa majaribio tu, kama vile kuunganisha kwa mstari namba 1 hadi 25 zilizotawanywa kwenye karatasi huku muda ukihesabiwa. Jaribio ninalolipenda zaidi halihitaji hata karatasi: mgonjwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa sekunde 60. Akishindwa kufikisha 10, kuna sababu ya wasiwasi.

Je, damu ikipimwa amonia si inatosha? Hapana. Kiwango kikubwa peke yake hakithibitishi ugonjwa wala hakitoi daraja. Kikiwa cha kawaida, daktari atafute sababu nyingine. Na sababu hizo lazima zitafutwe hata kama ini linajulikana kuwa bovu: sukari iliyoshuka, malaria kali, homa ya uti wa mgongo, damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka. Sukari hupimwa kwa tone la damu la kidoleni, basi ipimwe kwanza.

Mara nyingi kuna kitu kilichochochea: maambukizi, hasa ya maji yaliyojaa tumboni, kutapika damu au kupata choo cheusi, dawa za kukojosha zilizozidi, dawa za usingizi, au kufunga choo. Kichochezi kikitibiwa, wengi hurudiwa na fahamu zao. Dawa kuu ni laktulosi, sharubati tamu inayolainisha choo na kupunguza amonia inayoingia kwenye damu. Lengo ni choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Wapo wanaoiacha kwa kuona wanaharisha, kisha wanarudishwa hospitali wamechanganyikiwa. Kinachotakiwa ni kupunguza kipimo kwa ushauri wa daktari.

Maharage na samaki asinyimwe. Zamani wagonjwa hawa walizuiwa protini. Sasa inashauriwa wapate gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa kuwa misuli nayo husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa anayekonda huipoteza.