Breki ya kifaa cha kushukia haichukui nafasi ya mkono wako

Kuhusu kifaa cha kushukia kwa kamba chenye breki yake, watu husema: "Ukiachia mpini, kinajifunga chenyewe." Kweli, lakini wengi huongeza kwamba basi mkono wa chini, ulioshika kamba chini ya kifaa, hauna kazi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Ndani ya kifaa mna kemu, kipande cha chuma kinachozunguka. Uzito wako ukivuta kamba, kemu huzunguka na kuibana. Mpini huilegeza tu. Kasi ya kushuka inadhibitiwa na mkono ulioshika kamba upande usio na mzigo. Mtu akishtuka, vidole hukaza, haviachii. Ameshika mpini tu? Anaendelea kuufungua huku akiporomoka. Ndiyo maana baadhi ya vifaa hujifunga mpini ukivutwa kupita kiasi. Si vyote, kwa hiyo kijue cha kwako.

Kemu pia huchagua kamba. Kifaa kilichoandikwa milimita 10 hadi 11.5 kinaweza kuteleza kwenye kamba nyembamba zaidi, na hata kwenye kamba ya unene sahihi ikiwa imelowa, ina matope au ni mpya na laini. Kamba ikipitishwa kinyume, breki inaweza isifanye kazi kabisa.

Kabla hujafungua kamba fupi ya kujishikiza, kaa uzito wote kwenye kifaa, achia mpini taratibu, mkono wa chini ukiwa tayari. Kikiteleza hata kidogo, usishuke. Na kifaa hakijui kamba inaishia wapi: piga fundo mwishoni, kisha hakikisha kizuia-anguko, kifaa cha akiba cha kukukamata ukianguka, kimeshika kamba ya pili.