Diorama: Tukio Lililogandishwa

Gari dogo la jeshi likikaa peke yake juu ya rafu ni modeli. Zamisha tairi zake za nyuma kwenye tope, weka askari wawili wanaolisukuma na wa tatu anayewaelekeza huku mikono yake iko mfukoni, hapo umepata diorama. Diorama ni mandhari iliyojengwa kwa vitu vyenye umbo, ikionyesha mahali fulani jambo fulani likiendelea. Udogo si sharti, ingawa wengi hudhani hivyo.

Na ya kwanza kubeba jina hilo haikuwa ndogo hata kidogo. Mwaka 1822 Louis Daguerre na mwenzake Charles Marie Bouton walifungua jumba jijini Paris wakaliita Diorama, jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yanayobeba maana ya kuona kupitia kitu. Mlikuwa na michoro mikubwa kwenye kitambaa chepesi, upana wake kama mita 22 na kimo mita 14. Taa na mapazia vilipobadilishwa, mwanga ukaja mara mbele, mara nyuma ya kitambaa, mchana uligeuka usiku machoni pa watu. Baadaye jukwaa lenyewe lilizunguka na watazamaji wake, wakaelekezwa kwenye mchoro wa pili. Jumba liliteketea kwa moto mwaka 1839, mwaka uleule njia ya Daguerre ya kupiga picha ilipotangazwa. Jina halikuungua nalo. Likahamia kwenye mandhari za kujengwa.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina. Mwaka 1920, katika kaburi la Meketre, ofisa wa Misri aliyeishi miaka kama 4,000 iliyopita, wachimbuaji walikuta chumba kilichojaa modeli za mbao: makarani wakiandika hesabu ghalani, watu wakioka mikate, ng'ombe wakihesabiwa mbele ya bwana wao. Hazikuwekwa za kutazamwa na walio hai. Zilikuwa za kumhudumia marehemu huko aendako.

Za vita zina wapenzi wengi, na kwangu mimi hakuna aliyejisumbua kama William Siborne, ofisa wa jeshi la Uingereza. Aliishi miezi kadhaa karibu na Waterloo, uwanja wa vita huko Ubelgiji aliposhindwa Napoleon, akipima ardhi, akawaandikia barua maofisa waliopigana pale kuwauliza walikuwa wamesimama wapi, na hata mashamba yalikuwa yamepandwa nini. Modeli yake ilionyeshwa mwaka 1838 ikiwa na makumi ya maelfu ya askari wa bati, wote wakiwa kwenye saa moja jioni ya tarehe 18 Juni 1815.

Za makumbusho ya viumbe huwa za ukubwa halisi. Carl Akeley, fundi Mmarekani wa kukausha wanyama, alitengeneza moja maarufu huko Milwaukee mwaka 1890, na ukumbi wa wanyama wa Afrika wenye jina lake, wenye diorama 28, ulifunguliwa New York mwaka 1936, miaka kumi baada ya kifo chake. Ukisimama mbele ya mojawapo, usimwangalie mnyama kwanza. Tafuta mahali udongo wa kweli unapokutana na ukuta uliochorwa. Ukuta umepindwa ili usiwe na kona, na kichaka kimewekwa palepale kwenye kiungo. Mara nyingi utashindwa kukiona kiungo hicho.

Frances Glessner Lee yeye alitengeneza vifo. Katika miaka ya 1940 alijenga vyumba vidogo vya kufundishia wapelelezi, kila kimoja kikiwa na maiti na dalili zilizotapakaa, kwa skeli ya 1:12, yaani kila kitu ni sehemu moja ya kumi na mbili ya ukubwa wake halisi. Soksi za wanasesere wake alizifuma mwenyewe kwa kutumia pini.

Skeli ndiyo inayoamua mengine yote. Mtu wa sentimita 175 anakuwa na sentimita 5 kwenye 1:35, skeli inayopendwa kwa magari ya kivita, na sentimita 2 tu kwenye 1:87 ya reli ndogo. Wapenzi wa reli nao hujenga miji na milima kuzunguka njia zao, ila treni ikianza kutembea sijui kama bado niite diorama. Wakati umeshaachwa uende.

Mafundi wapya hujikwaa hapohapo kwenye skeli. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, kwenye 1:87, ni kokoto ya zaidi ya sentimita 4, kwa hiyo mchanga wa kawaida hufanya barabara ionekane imemwagiwa changarawe. Maji ndiyo mabaya zaidi. Tone halikubali kupungua, na mto wa maji ya kweli mbele ya daraja la sentimita 10 huonekana kama kikombe kilichomwagika. Ndiyo maana mito ya diorama humiminwa kwa gundi angavu inayoganda, tabaka moja baada ya jingine, na mawimbi huinuliwa kwa ncha ya kijiti kabla haijakauka.