Ujamaa wa kiutopia ni nini hasa

Ukisikia ujamaa wa kiutopia (utopia ni jamii kamilifu ya kufikirika) unaweza kudhani ni ndoto za mchana tu za watu wasio na kazi, lakini Robert Owen, mmoja wa waasisi wake, alikuwa bosi wa kiwanda kabisa tena chenye faida.

Kifupi ni mawazo ya wajamaa wa mwanzo mwanzo wa Uingereza na Ufaransa, miaka ya 1800 na kidogo, viwanda vimepamba moto na watoto wanashinda kwenye mashine. Majina makubwa ni Owen, Saint-Simon na Charles Fourier. Owen na Fourier hawakutaka mapinduzi, walisema tuanzishe jamii ndogo za mfano watu waishi kwa kushirikiana, wengine wakiona mambo yanaenda wataiga wenyewe, hata matajiri.

Owen alishika kiwanda cha pamba cha New Lanark, Scotland, mwaka 1800. Watoto chini ya miaka 10 akawatoa kwenye mashine akawapeleka shule, na badala ya viboko kila mfanyakazi alining'iniziwa kibao cha mbao chenye rangi nne, nyeupe umefanya vizuri sana, nyeusi umeharibu (mi naona hiyo nayo ni presha, unaanikwa mbele ya wenzako kutwa nzima). 1825 akanunua kijiji kizima Indiana, Marekani, akakiita New Harmony. Aliyetaka kuja alipokelewa tu, wazungumzaji wengi, mafundi wachache, ugomvi wa katiba kila mara, 1827 jaribio hilo likawa limekufa.

Fourier ndo alikuwa na vituko zaidi. Alipanga watu 1,620 wakae jengo moja, kila mtu afanye kazi anayoipenda na kuibadili siku hiyohiyo, na kwa vile watoto wanapenda kuchezea uchafu basi wao ndo wazoe taka!

Hilo jina la utopia lilikuja kushikiliwa na wapinzani wao. Marx na Engels, waasisi wa ukomunisti, kwenye Manifesto ya Kikomunisti ya 1848 waliwasifu kwa kuukosoa ubepari ila wakasema hawa jamaa wanamuona mfanyakazi kama mtu wa kuhurumiwa, hawaoni kwamba anaweza kujikomboa mwenyewe. Hoja nzito, sikatai. Lakini wafuasi wa Owen walikuwemo kati ya wale waliofungua duka la ushirika Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, na ile kanuni yao ya mwanachama mmoja kura moja mpaka leo iko kwenye vyama vyetu vya ushirika.