Serikali hainunui ekari zako kwa ajili ya tembo

Juzi nimetumiwa tena ujumbe ule ule, wa nne tangu mwezi uanze: “Mtaalamu, nasikia serikali inanunua ardhi kwenye shoroba, zile njia za wanyama kati ya hifadhi na hifadhi. Ekari wanachukua kwa bei gani? Nataka niwahi.”

Hainunui. Mimi ni mthamini, ndiye anayekadiria fidia ardhi inapotwaliwa, na nimeshalisema hili kwenye harusi, kwenye basi na kwenye foleni ya benki, sasa naliandika ili nikiulizwa nitume kiungo tu.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Wewe una haki ya kuikalia na kuitumia, na haki hiyo ina thamani. Ila muuzaji ni mtu anayeweza kukataa kuuza. Ardhi ikitwaliwa kwa maslahi ya umma, unachobaki nacho ni kubishania kiasi. Ndiyo maana inaitwa fidia, na sheria inataka iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Kwa ardhi ya kijiji kuna hatua zaidi: eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji unaweza kukataa, likizidi hapo, wanakijiji wanatoa mapendekezo na waziri ndiye anayeamua. Malipo yasipotoka ndani ya miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa, na ikipita miaka 2 uthamini wenyewe unakufa, tunarudi shambani upya na kamba zetu za kupimia.

Juu ya fidia ya mali kuna posho, nazipitia haraka. Posho ya makazi: kodi ya pango ya mwezi mara 36. Posho ya usafiri: gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 kwa kilomita 20, hata kama mali yako ni kitanda, sufuria tatu na jogoo mkali. Posho ya usumbufu: thamani ya mali yako mara wastani wa riba ya amana za mwaka mmoja benki. Usiniulize riba ya benki inapimaje usumbufu wa kuhama ulikozaliwa. Mimi nazidisha tu.

Kwa hiyo anayetaka “kuwahi” anawahi nini? Anawahi kupanda, ili miti ihesabiwe kwenye fidia. Tetesi zikishafika kijijini, miche nayo inafika usiku. Nimewahi kuingia shamba la ekari mbili nikakuta miembe imesimama kwa mstari mnyoofu kama gwaride. Nikainama, nikavuta mmoja. Ukatoka na kifuko chake cha nailoni, hakikuchanwa hata kidogo. Mwenye shamba akaniambia ni aina mpya ya kilimo. Ndugu yangu, tarehe ya ukomo, yaani siku ya mwisho ya mali kuhesabiwa, ikishatangazwa, kinachopandwa baada yake hakihesabiwi, na kitalu tunakijua kwa macho.

Lakini huyo wa miche hanikeri sana. Kinachonikera ni fomu yangu mwenyewe ya uthamini.

Fomu ina nafasi ya nyumba, mazao, kisima, uzio na makaburi. Sasa fikiria ushoroba kama Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Kwa nini wanyama bado wanapita mahali kama pale? Kwa sababu kuna watu hawakulima. Waliacha nyasi kwa ajili ya ng'ombe wao, na pundamilia wakapita humo humo. Jirani aliyelima mpaka ukingoni akaweka uzio ana kurasa mbili za maendelezo, yaani vitu alivyoongeza juu ya ardhi. Aliyeacha njia wazi ana mstari mmoja: ardhi. Yaani aliyeziba njia anaondoka na hundi nene kuliko aliyeitunza. Mzee mmoja mfugaji alinifuata siku nzima nikijaza fomu za majirani zake, fimbo begani, kimya. Tulipofika kwake akauliza swali moja: “Mwanangu, nyasi unaziandika wapi?” Nikaziandika kwenye maelezo mengine. Safu hiyo haina kiasi.

Mtasema sheria ilishabadilika. Ni kweli. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilikuwa hailipi kitu kwa ardhi tupu, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999 zikatambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Basi nakadiria bei ya soko. Soko lipi? Kijiji ambacho malisho ni ya wote, hakuna aliyewahi kumuuzia mwenzake nyanda za malisho. Natafuta mauzo ya kulinganisha, naambulia viwanja viwili vya kando ya barabara vilivyouzwa kwa mtu wa mjini. Napunguza kwa umbali, napunguza kwa udongo, napata tarakimu. Naitetea mbele ya Mthamini Mkuu wa Serikali kwa sauti ya kujiamini. Usiku najua kwamba mwenzangu mwenye elimu ile ile angepata tarakimu nyingine kabisa, na sote wawili tungekuwa tumefuata kanuni.

Na kuna mfugaji ambaye boma lake liko mbali, anakuja na mifugo kiangazi tu. Siku ya kuhesabu hayupo. Kwenye daftari hayupo. Tarehe ya ukomo inamkamata mwenye miche, hapo safi. Lakini inamtupa nje na huyu pia.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa ushauri mapema, kabla kamba haijatolewa, nawapa mfano wa Simanjiro, mkoani Manyara. Kijiji cha Terrat kiliingia makubaliano na kampuni za utalii: nyanda za nyasi fupi ambako nyumbu huja kuzaa wakati wa mvua zisilimwe, ng'ombe waendelee kulisha, kijiji kilipwe kila mwaka. Hakuna anayehama. Hakuna anayehesabu miembe. Hapo nyasi ndizo zinazolipiwa, na mzee wangu angepata pa kuandikwa. Sidai ni dawa ya kila mahali, kwa sababu mtalii asipokuja sijui nani atalipa, na mvulana aliyezaliwa mwaka wa kusaini hakuulizwa kama angependa kulima.

Kwa wewe uliyetuma ujumbe: kama ekari ulishanunua, omba kwanza uone ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Na hiyo miche, angalau itoe kwenye vifuko.