Zanzibar ya zamani: kila mtu na dini yake, ila usihame

Wageni wakizunguka Mji Mkongwe huwa wanashangaa, msikiti hapa, hekalu la Wahindu pale, kanisa mbele kidogo, basi wanamaliza kwa kusema Wazanzibari wastaarabu. Sikatai, ila mimi nasoma historia ya mji huu na nakwambia ustaarabu ulikuwa na hesabu zake.

Mchukue Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Yeye Mwibadhi (madhehebu ya Kiislamu ya Waomani), raia wake wengi Masuni wa Kishafi, na Waibadhi kwa kawaida hawana mambo ya kuvutavuta watu waingie kwao. Basi kukawa na makadhi wa pande zote mbili. Forodha akawakodisha Mabaniani, yaani wafanyabiashara Wahindu, nyumba ya kina Jairam Shivji, na akikwama pesa anakopa hukohuko, sasa mtu anayekukusanyia ushuru na bado anakudai utaenda kumghasi kwa miungu yake? Hata misikiti angalia, ile ya Kiibadhi mingi haina mnara, ukipita haraka unadhani nyumba ya mtu, na hao ndo madhehebu ya mfalme!

Akaja mwanawe Barghash. Mwaka 1873 soko la watumwa likafungwa (Waingereza walimbana, tusijidanganye), na Waanglikana wakaanza kujenga kanisa palepale Mkunazini. Askofu wao Steere alikuwa anabishana mambo ya dini na Sheikh Abdulaziz al-Amawi, kadhi wa Kisuni mzaliwa wa Barawa, na wote wakarudi makwao salama.

Lakini Barghash huyohuyo alimtia ndani Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanazuoni wa Kisuni, kwa kuwasema Waibadhi, akaja kutoka 1888 Barghash alipokufa. Ukumbuke ukoo wa Mazrui asili yao Waibadhi wakahamia Usuni, tena ndo waliokuwa wakitawala Mombasa mpaka Said alipowang'oa 1837, kwa hiyo hapo dini na siasa huwezi kuzitenganisha. Kuzaliwa Mhindu au Mkristo hakukuwa na tatizo, tatizo ni kuhama dini, hasa ukihama wewe wa nyumbani.

Muulize Salme, dada wa Barghash kwa baba. Alitoroka 1866, akabatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani. Mwaka 1885 akarudi na manowari za Wajerumani kudai urithi wake na kaka mtu akagoma hata kumwona, wakati huo kanisa la Mkunazini lishasimama na watu wanasali humo bila bughudha.