Kilomita chache zinavyowapoteza wanunuzi wa magari

Kazi yangu ni kukagua magari kabla mtu hajatoa hela, na kama kuna sentensi nimeichoka masikioni basi ni hii: "Fundi, nimepata gari, lina kilomita 30,000 tu." Hiyo "tu" inasemwa kwa furaha, mtu ameshaliita gari lake, ameshawatangazia mpaka ndugu, mi naitwa kuja kubariki. Umri wa gari? Kama miaka 10 hivi. Rekodi za sevisi? Hazipo. Lilikuwa la nani? Muuzaji kasema la mzee mmoja hatoki nyumbani. Huyo mzee asiyetoka nyumbani ana magari mengi sana aisee, maana kila muuzaji kanunua kwake.

Halafu mtu huyohuyo unakuta ameshaligeuza swali zima la "ninunue jipya au used" kuwa mchezo wa namba moja: zikiwa chache anachukua used, zikiwa nyingi bora akope anunue jipya. Mambo hayaendi hivyo kabisa, na hapa ndo ntakaa muda mrefu, dhana nyingine potofu ntazipitia haraka.

Dhana: kilomita chache = gari zima

Kwanza namba yenyewe. Mileji ya dijitali ni data tu imehifadhiwa kwenye dashibodi, kuna vifaa vinachomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na ndani ya dakika chache 200,000 inageuka 60,000, hakuna skrubu hata moja iliyofunguliwa. Ila kwenye magari mengi kompyuta nyingine, ya injini, ya gia boksi, wakati mwingine ya breki, nazo zinatunza kumbukumbu za kilomita, na aliyeifuta dashibodi mara nyingi hajahangaika na hizo, ndo maana fundi mwenye skana nzuri, kifaa cha kusoma kompyuta za gari, anaiuliza kila moja kivyake. Gia boksi ikitaja namba tofauti, mjadala umekwisha.

Hata bila skana una macho. Tazama raba ya pedali ya breki, kama imelika mpaka mistari imepotea upande mmoja. Tazama usukani pale mikono inaposhika, kama umekuwa laini unang'aa. Siti ya dereva, ule ukingo wa upande wa mlangoni ambao kila anayepanda anausugua, kama umebonyea na kuchubuka. Kilomita 30,000 hazifanyi hayo. Na ukikuta raba za pedali ni mpya kabisa kwenye gari la miaka 10, muulize muuzaji nani alihangaika kuzibadilisha na kwa nini.

Haya tuseme namba ni ya kweli, maana zipo za kweli. Hapa ndo watu hawataki kunielewa. Kilomita 30,000 kwa miaka 10 ni 3,000 kwa mwaka, yaani kama 8 kwa siku. Asubuhi injini inawashwa ya baridi, gari linaenda kilomita 4, linazimwa, jioni linarudi. Oili haijawahi kupata moto vizuri. Injini ya baridi inapewa mafuta mengi kuliko ikiwa na moto, kiasi kinapenya kwenye ringi za pistoni kinashuka kwenye oili, na mvuke unaotokana na uchomaji nao unageuka maji humohumo ndani. Safari ndefu ingeyakausha hayo yote, ila gari letu halina safari ndefu, kwa hiyo vinabaki vinachanganyika na oili mpaka linakuwa tope. Fungua kifuniko cha kujazia oili, chungulia kwa ndani, ukiona utando mzito wa njano umejishika pale ujue gari hilo limeishi kwa safari fupi fupi, au lina maji yanayoingia kwenye oili, ambayo ni mbaya zaidi.

Kuna moja nilishusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, chujio la pampu ya oili nusu nzima limezibwa na tope jeusi, ukiligusa linavutika kwenye kidole. Mileji ilikuwa ya kweli, risiti zipo. Shida ni kwamba mwenye gari alikuwa anangoja zifike kilomita 10,000 ndo amwage oili, na kwa mwendo wake 10,000 ni miaka mitatu na kitu. Kitabu cha gari kinasema kilomita kadhaa AU miezi kadhaa, kinachotangulia. Watu wanasoma nusu ya kwanza tu.

Dizeli za kisasa ndo usiseme. Lile chujio la masizi kwenye ekzosi linahitaji joto kubwa ili lichome masizi yenyewe, na safari za kwenda dukani halilipati, linaziba. Bei ya chujio hilo waulize waliowahi kununua.

Na vitu vingi kwenye gari havijui kilomita, vinajua miaka. Tairi ina tarakimu nne za mwisho kwenye namba iliyoanza na DOT ubavuni, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, na meno yanaweza kuwa marefu kama jipya huku mpira umeshakauka una nyufa ndogo ndogo, wapo watengenezaji wakubwa wanaosema miaka 10 ndo mwisho hata kama meno yapo. Oili ya breki inafyonza unyevu kutoka hewani, ikishafyonza inachemka mapema ukishuka mlima mrefu, ndo maana kwenye magari mengi inabadilishwa kila miaka miwili. Mkanda wa taimingi una kikomo cha kilomita na kikomo cha miaka, na kwenye injini nyingi ukikatika valvu zinagonga pistoni. Betri, raba za bushi, sili, maji ya rejeta, vyote vinazeeka gari likiwa limepaki.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, zile airbag za kampuni ya Takata. Magari yaliitwa kurudishwa kwa mamilioni duniani, zoezi kubwa kuliko lolote kwenye historia ya magari. Kemikali ya kujazia airbag, ammonium nitrate, ilikuwa inaharibika taratibu kwa joto na unyevu, mwaka hadi mwaka, mwisho wa siku airbag ikifyatuka kile kikopo cha chuma kinapasuka na kurusha vipande, na watu wamekufa. Haikujali gari linatembea sana au linalala gereji. Kampuni ilifilisika 2017 lakini airbag zake ambazo hazijabadilishwa bado zipo kwenye magari. Kwa hiyo kabla hujanunua la zamani, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama kuna marekebisho hayajafanyika, ni bure na ni dakika mbili, sijui kwa nini watu wanaona uvivu.

Mi ukinipa gari la miaka 6 lenye kilomita 150,000 za barabara kuu, sevisi zote zimeandikwa, na la miaka 10 lenye 30,000 za mtaani bila karatasi, nachukua la kwanza bila kufikiria mara mbili. La kwanza injini imeishi kwenye joto lake, gia zimetulia juu, breki haziguswi kila baada ya mita 200. Wateja wananiangalia kama nimechanganyikiwa, halafu wananunua la pili.

Dhana: jipya halina gharama

Gharama kubwa ya gari jipya haionekani kwa sababu hakuna anayekutumia bili: ni thamani inayoshuka. Mwaka wa kwanza peke yake gari la kawaida linaweza kupoteza karibu moja ya tano ya bei, na kuna yanayozidi hapo. Waranti nayo watu wanaiamini kupita kiasi. Breki pedi, tairi, waipa, klachi iliyolika kwa matumizi, kwa kawaida hivyo ni vyako, na ukiruka sevisi usishangae ukikataliwa siku unayoihitaji. Jipya nalo linaweza kuitwa kurudishwa kiwandani lina miezi mitatu.

Sisemi usinunue jipya. Kama utakaa nalo miaka 10 au zaidi na una nidhamu ya sevisi, ni uamuzi mzuri tu, unakuwa unajua historia yake yote toka siku ya kwanza. Anayebadilisha kila baada ya miaka mitatu ndo simwelewi, huyo analipa kipande cha gharama kubwa kuliko vyote kisha anamkabidhi mwingine. Na kama ni mkopo, riba ya used mara nyingi iko juu kuliko ya jipya, kwa hiyo piga hesabu ya jumla yote mpaka rejesho la mwisho, usilinganishe bei za kwenye kioo.

Dhana: used ni kununua matatizo ya mtu

Wapo wanaouza tatizo, ndio. Wapo wanaouza kwa sababu familia imekua, mkataba wa kukodi umeisha, au wamechoka rangi. Gari la miaka 3 au 4 lenye rekodi ndo ninalompendekezea kila mtu, mwenzako ameshameza ule mshuko mkubwa na gari bado lina maisha marefu mbele.

Dhana: nimeliwasha nimezunguka nalo, liko poa

Uliliwasha la baridi? Hapo ndo kimya kinaanza. Ukifika ukakuta boneti lina moto, mwambie muuzaji utarudi kesho na asiliwashe mpaka ufike. Injini yenye moto inaficha vitu vingi: mlio wa cheni ya taimingi sekunde za kwanza, moshi wa bluu wa oili iliyoshukia kwenye valvu usiku, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inayotetema. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaungua, hapo ondoka tu.

Na taa ya injini kutowaka si ushahidi wa kitu, inafutwa kwa kifaa kidogo sana. Ila ikifutwa, vipimo vya ndani vya gari navyo vinaanza upya, skana inaonyesha havijakamilika mpaka gari litembee vya kutosha. Ukikuta vyote havijakamilika, mtu kafuta makosa juzi juzi, au betri ilichomolewa.

Dhana: rangi inang'aa, halijagongwa

Unene wa rangi ya kiwandani kwa kawaida ni kama maikroni 100 hadi 150, maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Kipimo cha unene wa rangi kikisoma 400 kwenye mlango mmoja na 120 kwingine, mlango huo una hadithi. Huna kipimo, tazama bolti za fenda na boneti kama zina alama za spana.

Dhana: gia boksi ya otomatiki haimwagwi oili

"Ni ya maisha." Maisha ya nani? ZF wenyewe, wanaotengenezea makampuni kibao gia boksi, wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka 8. Muuzaji akikujibu kwamba oili ni ya maisha, punguza bei papo hapo.

Jambo la mwisho ni hela. Usimalizie yote kwenye kununua. Used lolote, hata lililopita kwangu likiwa safi, litataka oili zote, machujio, maji ya breki, pengine mkanda na tairi mbili, na hiyo ni wiki ya kwanza. Na fundi aitwe kabla hujatoa hata hela ya kushikia gari, maana nikishakuta umelipa nusu, nikikuambia lina tatizo unanikasirikia mimi.